Mpaka Ipoe

Gari lilikataa kulia mbele ya fundi. Lilikuwa limelala uani pa gereji usiku kucha, boneti wazi, ili umande uliloweshe na upepo ulipoze mpaka ndani ya vyuma, lakini asubuhi fundi alipowasha injini likanguruma polepole, laini, kama paka aliyeshiba. Fundi akainama, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye pua ya supachaja, na mpini akaubana sikioni. Akasikiliza. Akaisogeza kidogo. Akasikiliza tena.

"Hamna kitu," akasema.

Mkwe wake alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifumbata mbele kama mtu aliyekuja kutoa pole. "Ndiyo, Baba."

"Na huko kwenu inalia?"

"Inalia, Baba. Kukiwa na baridi kali, inalia."

Mkwe huyo alikuwa mpima ardhi, kijana mpole kupita kiasi, aliyezoea kukaa siku nzima porini na vigingi na kamba bila kusema na mtu. Aliishi juu milimani, mahali ambapo watu huamka na kukuta maji ya ndoo yameganda, na barabara ya kwenda huko hupanda mpaka masikio yanaziba, kisha hushuka upande wa pili kwa kona zilizobanana. Kwa ajili ya barabara hiyo alikuwa amenunua gari lenye supachaja, ile pampu ya hewa inayokaa juu ya injini na kuzungushwa na mkanda, ili injini imeze hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Ukikanyaga mafuta, mlima unakuwa kama tambarare. Sasa walikuwa wameshuka kumsalimia mama mkwe, yeye na mkewe na mtoto wao, na mkewe alikuwa ameshikilia kwamba gari lisirudi juu kabla baba yake hajalitazama.

Pale gereji fundi huyu aliitwa Mchungaji, ingawa hakuwahi kuchunga kondoo wala waumini. Waliomwita hivyo walikuwa wamemwona akiweka kiganja juu ya kila boneti na kufumba macho kabla hajaifungua, na tena baada ya kuifunga. Wateja wengine walidhani ni mbwembwe. Kwake haikuwa mbwembwe. Aliogopa. Tangu ujana wake katika kazi hii aliogopa lile ambalo mafundi wengi hujifunza kutoliogopa, kwamba kila gari linalotoka mlangoni linatoka na watu ndani, na mkono wake unasafiri nao bila yeye kuwepo.

Leo watu hao walikuwa wake mwenyewe. Mwanamke atakayekaa kiti cha mbele alikuwa kitindamimba wake, ambaye nyumbani bado walimwita Kitinda hata baada ya yeye mwenyewe kuzaa.

"Mchungaji, unaitesa bure hiyo kitu," alisema Waya kutoka kwenye meza yake ya betri. Waya alikuwa fundi umeme. Wengine walidhani jina lile limetokana na kazi yake, wengine na umbo lake, kwa maana ukimwona kwa upande humwoni. "Imezoea baridi ya kwao. Hapa inaota jua, inaona raha, italia kwa lipi? Iletee barafu ijisikie nyumbani."

Alikuwa anatania, lakini fundi alikwisha kuchomoa bisibisi sikioni. "Umesema kweli."

"Mimi? Jamani, nilikuwa natania!"

Wakachukua barafu kwa muuza soda wa jirani, wakaifunga kwenye mifuko, wakaikandika juu ya supachaja na puani pake, kisha wakafunika kwa gunia, kama mtu anavyompoza mtoto mwenye homa. Waya alisimama pembeni akiuliza kama wampimie na joto kwapani. Barafu ikayeyuka taratibu, ikawalowesha viatu. Baadaye fundi akapapasa chuma, akaridhika, akawasha.

Safari hii gari lililia. Kwa-kwa-kwa-kwa, kama njugu kavu ndani ya kopo. Mlio ukafifia, ukalegea, ukapotea.

Uso wa fundi ulikunjuka. Akazima, akalegeza mkanda na kuutoa, akashika puli ya supachaja, kile kigurudumu kinachopitiwa na mkanda, kwa vidole na kuizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Ilicheza. Akamwita mkwe wake aje ashike naye.

"Unaona inavyocheza? Ndani hapa, kati ya puli na mapanga ya pampu, kuna kiungo cha plastiki. Kimelika. Baridi inakifanya kigumu, kinagonga. Kikipata joto kinalainika, kinanyamaza. Si ugonjwa wa kuua."

"Ndiyo, Baba."

"Ndio mlio wenyewe huu?"

Kijana akafungua kinywa. Akatazama mikono ya baba mkwe iliyokuwa imekufa ganzi kwa barafu, akatazama viatu vilivyolowa, akautazama ule uso uliokunjuka. "Ndiyo, Baba," akasema. "Huko unakuwa mnene kidogo."

"Huko baridi ni nyingi, lazima uwe mnene."

"Ndiyo, Baba."

"Na unachukua muda gani?"

"Inalia mpaka ipoe."

"Ikishapoa?"

"Ikishapoa haina shida kabisa, Baba."

"Basi, ndicho hicho," fundi akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akapitisha tambara kwenye puli iliyokuwa na utando mwembamba wa mafuta, akalitupia kwenye benchi, akarudisha mkanda mahali pake. "Nitaagiza kiungo kingine. Kikifika mtashuka tena, au nitapanda mimi mwenyewe nije kumwona mjukuu. Kwa sasa safirini."

Wakaondoka baada ya chakula cha mchana. Kitinda alikuwa na haraka ya kufika kabla giza halijaingia, mtoto alikuwa na haraka ya kukaa dirishani, na mkwe alikuwa na ile haraka ya mtu anayetaka kuacha kuagwa. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akamwomba Mungu alishike gari lile katika kupanda na katika kushuka. Aliomba kwa moyo mweupe, bila wasiwasi, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu ambacho amekwisha kukikagua.

"Limeokoka?" Waya akauliza vumbi lilipotulia.

"Limeokoka. Umebaki wewe."

Walikunywa chai yao ya alasiri wakiwa wameketi kwenye tairi kuukuu mlangoni. Fundi alikuwa na furaha ya kuongea. Alieleza tena habari ya kiungo, jinsi plastiki inavyokuwa na tabia mbili, na jinsi mtu anayeleza vizuri ugonjwa wa gari lake anavyomrahisishia fundi kazi.

"Yule kijana hana maneno mengi, lakini akisema anasema. Hebu fikiria, neno moja tu. Nimemuuliza inalia muda gani, akasema inalia mpaka ipoe. Nikajua papo hapo ni kiungo."

Waya aliacha kutafuna mkate. "Ipoe nini?"

"Sauti. Inagonga, halafu inapoa."

"Alisema sauti?"

"Alisema ipoe."

"Mimi ukiniambia gari inalia mpaka ipoe," Waya akasema, "najua inalia mpaka injini ipoe. Yaani mpaka uizime, uiegeshe, ukae, ipoe. Sasa hiyo si inalia njia nzima?" Akacheka. "Bwana, Kiswahili nacho! Umeuliza..."

Hakumaliza. Aliuona uso wa mwenzake, akaweka kikombe chini.

Fundi alikuwa amesimama.  Alitembea hadi kwenye benchi, akaokota lile tambara alilofutia puli, akalipeleka puani. Mafuta ya injini yana harufu ambayo yeye aliizoea kama harufu ya mwili wake. Haya yalikuwa na uvundo mwingine, mkali, unaokwama kooni. Ni yale mafuta mazito yanayofungiwa ndani ya pua ya supachaja, kiasi cha kikombe kidogo tu, yasiyo na kijiti cha kupimia wala mahali pa kuyaonea. Hayatakiwi kuonekana nje hata tone. Yakionekana nje, maana yake ndani yanakwisha, na beringi inayoshikilia puli inazunguka kavu.

Njugu ndani ya kopo ni kiungo. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nyuma ya njugu kulikuwa na mlio wa pili, ule mnene, ambao barafu ya mchana mmoja haikuweza kuuamsha. Kule juu, mafuta machache yaliyobaki yaliganda usiku, beringi ikaanza asubuhi bila kulainishwa, ikasagika, ikapata moto, ikaendelea kusagika mpaka gari lipumzishwe. Mpaka ipoe. Kijana alikuwa amesema hivyo hivyo ilivyo.

"Mchungaji," Waya akasema, "si itapiga kelele tu?"

"Mkanda ni mmoja." Sauti ilimtoka kwa shida. "Unaozungusha supachaja ndio unaozungusha usukani, ndio unaozungusha pampu ya maji. Beringi ikikamata, puli inasimama. Mkanda unakatika. Yuko kwenye kona anashuka, usukani unakuwa jiwe."

Akapiga simu. Namba ya Kitinda haikupatikana. Ya mkwe haikupatikana. Akapiga tena ile ya kwanza, kana kwamba mara hii atakuwa ameomba kwa adabu zaidi. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo, na kidole kikawa kinakosa kitufe.

"Lete funguo za pikapu," Waya akasema. "Naendesha mimi. Wewe utatuua."

Barabara ilianza kupanda mara tu baada ya nyumba za mwisho. Pikapu ya gereji ilikuwa na viti vya nyuma vilivyojaa vyuma, na kila walipopiga shimo vyuma vililia, na kila vyuma vilipolia fundi alishtuka. Hewa ikaanza kubadilika. Kwanza ikawa safi, kisha ikawa baridi, kisha ikawa na meno. Waya akafunga dirisha. Fundi akalifungua la upande wake, kwa sababu alitaka kusikia, ingawa hakujua asikie nini.

Alijaribu kuomba. Alikuwa mtu wa kuomba kwa mpangilio, shukrani kwanza, kisha toba, kisha haja, lakini sasa maneno yalimkimbia. Kilichobaki mdomoni kilikuwa, "Mungu, mkanda. Mungu, mkanda." Alijisikia akiyasema na akaona aibu, na bado akaendelea. Lililomwuma kuliko yote ni kiganja chake. Alikuwa amekiweka juu ya boneti ile. Alikuwa amemkabidhi Mungu gari na kumwambia kwamba ni zima.

"Huenda wamesimama mahali wanakunywa chai," Waya akasema.

"Huenda."

"Mtoto huyo hawezi kukaa safari nzima bila kutaka kujisaidia. Watakuwa wamesimama."

"Waya, angalia barabara."

Ukungu uliwapokea karibu na juu. Ulikuja vipande vipande, ukipita barabarani kama watu wanaovuka, kisha ukawa ukuta. Waya akapunguza mwendo, akawasha taa. Upande mmoja walikuwa na mlima, mweusi na unaotiririka maji, na upande mwingine hawakuwa na kitu, weupe tu, na ule weupe ndio ulikuwa bonde. Kila kona fundi aliinuka kitini kutafuta vyuma vya kingo za barabara. Vilikuwa vizima. Alishukuru kwa kimoja, akaanza kukiogopa kinachofuata.

Simu ililia mkononi mwake hadi ikamponyoka. Hakuwa amepigiwa, ni ujumbe tu uliokuwa umekawia, kumaanisha hapo palikuwa na mtandao. "Simama! Simama hapa hapa!" akapiga kelele, na Waya akakanyaga breki katikati ya njia. Fundi akabonyeza jina la binti yake.

Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Baba! Umeshatukumbuka hivi?" Kitinda alikuwa anacheka. Nyuma yake mtoto alikuwa anaimba wimbo usio na mwisho. Na nyuma ya mtoto, chini ya kila kitu, fundi akausikia. Haukuwa njugu. Ulikuwa mlio mzito unaosaga, kama jiwe linaloburutwa juu ya bati, ukipanda na kushuka pamoja na injini.

Akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Nipe mumeo."

"Anaendesha, Baba. Ngoja, nimeweka sauti kubwa."

"Mwanangu, mnapanda au mnashuka?"

"Shikamoo, Baba. Tunashuka. Tumeshapita juu."

"Huo mlio. Umeanza wapi?"

"Ndiyo, Baba."

"Sikuulizi ndiyo! Umeanza wapi?"

 "Tangu tuanze kuingia kwenye baridi, Baba. Ni ule wa kawaida."

"Unazidi?"

"Si sana, Baba."

"Mwongo!" Kitinda akasema. Hakuwa anacheka tena. "Unazidi, na kuna harufu ya mpira unaoungua. Nimemwambia asimame, anasema Baba ameshaipitisha. Baba, nini?"

Fundi akaituliza sauti yake. Alijua kwamba akiogopa kwa sauti, kijana ataogopa kwa mikono. "Sikilizeni. Mtasimama, lakini polepole. Usizime injini wakati gari linatembea. Ukizima, breki nazo zitakuwa ngumu. Weka gia ya chini, acha injini ilishike gari. Umeweka?"

"Nimeweka, Baba."

"Mlima uko upande gani?"

"Ng'ambo, Baba. Sisi tuko upande wa bonde."

Waya alishika kichwa.

"Kuna gari linakuja?"

"Sioni, Baba. Kuna ukungu."

"Piga honi, washa taa zote, vuka taratibu ukaegemee mlimani. Usukani ukiwa mgumu, uvute kwa nguvu zako zote, hautavunjika. Usiogope kukwangua gari. Likwangue! Umenisikia? Likwangue mpaka..."

Kukasikika mlio kama wa mjeledi. Kitinda akataja jina la mtoto, kwa nguvu, mara moja. Simu ikakatika.

Fundi akaitazama simu. Waya naye akaitazama.

"Ni mtandao," Waya akasema. "Mtandao umekata tu." Wala hakusubiri kuaminiwa. Aliondoa gari.

Fundi hakukumbuka baadaye jinsi walivyopita juu. Alikumbuka wayo wake ukikanyaga sakafu mahali ambapo breki ingekuwa kama angekuwa anaendesha yeye. Alikumbuka kwamba hata yale maneno mawili ya sala yalikuwa yamekwisha, na kwamba alibaki akipumua tu, na akawa na hofu kwamba kule kupumua nako kutahesabiwa kuwa ni kukosa imani. Wakaanza kushuka. Kwenye lami iliyolowa, taa za pikapu zikaangaza kitu cheusi kilichojikunja. Waya akasimama. Fundi akashuka na kukiokota. Kilikuwa kipande cha mkanda, nyuzi zimechomoza pembeni kama ndevu. Kilikuwa bado na uvuguvugu.

Mbele yao barabara ilikata kona na kuingia ndani ya weupe.

"Twende," Waya akasema.

Fundi hakusogea.  "Nenda wewe."

"Mchungaji."

"Nenda wewe, ndugu yangu. Mimi siwezi. Nenda uone, kisha uje uniambie. Ukikuta... usiite. Rudi uniambie kwa mdomo."

 Waya akavua koti, akamvisha mwenzake begani, akatembea kuelekea kona. Ukungu ukamla kuanzia miguuni.

Fundi alisimama na kipande cha mkanda mkononi. Maji yalikuwa yanatiririka mlimani. Alisikia hatua za Waya, kisha hakuzisikia. Akangoja rafiki yake arudi kimya kimya, kama alivyomwomba, na akajua kwamba kumwona anarudi kimya ndilo jambo ambalo hataweza kulivumilia.

"We kijana!" sauti ya Waya ikaja kutoka katika weupe, kali, ya kugombana kabisa. "Sasa ndiyo umeegesha hivyo? Hiyo ni gari au ni jembe? Mchungaji! Njoo uchukue watu wako, wamefukia mtaro wa serikali!"

Fundi aliikimbilia ile sauti, kipande cha mkanda kingali mkononi. 

Gari lilikuwa limevukia upande wa pili na kuingiza pua kwenye mtaro wa mlimani, ubavu wote umekwanguliwa tangu taa hadi mlango wa nyuma. Chini ya boneti moshi mwembamba ulikuwa unatoka. Kitinda alikuwa ameketi juu ya jiwe, mtoto amemfunga ndani ya shati la mumewe, na mpima ardhi alikuwa amesimama katikati ya barabara na fulana tu, akipunga tawi la mti ili gari lolote litakalokuja lipunguze mwendo. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya bluu. Alipomwona baba mkwe akashusha tawi na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba. Nimelikwangua."

Fundi akamkumbatia. Hawakuwahi kukumbatiana, na hakuna aliyejua mikono iende wapi. Kisha akamwendea binti yake, akamshika uso, akamshika mtoto, akawapapasa mikono na miguu kama anayetafuta nyufa kwenye chuma.

"Ulisema mpaka ipoe," akasema, akiwa bado amemshika mtoto na hamtazami mkwe wake.

"Ndiyo, Baba. Mpaka injini ipoe."

"Mimi nikasikia mpaka sauti ipoe."

Mpima ardhi akameza mate. "Nilihisi hukunielewa, Baba."

"Ulihisi!" Kitinda akasema. "Ulihisi, na ukatupakia?"

"Sasa mbona hukusema?" fundi akauliza, taratibu.

"Ulikuwa umefurahi, Baba."

Waya akageuka kutazama mlima.  Fundi akamgeukia kijana aliyeogopa kumharibia furaha kuliko alivyoogopa barabara. Na alijua, bila kuambiwa na mtu, nani aliyemfundisha kwamba mbele ya baba mkwe jibu ni moja. Akafanya lile ambalo mikono yake hulifanya akili ikizidiwa. Akaenda kwenye pikapu, akatoa kisanduku cha spana, akafungua boneti ya gari lililoumia. Beringi ilikuwa imekamata, puli imesimama na kuwa na rangi ya samawati kwa moto. Vyote vingine vilikuwa vizima.

"Nina mkanda mfupi humu," akasema, akiongea haraka. "Tunairuka supachaja, tunaufunga kwenye hizi puli nyingine. Injini yenyewe iko salama. Tunalivuta kutoka mtaroni, mnashuka nalo polepole mpaka nyumbani, mimi niko nyuma yenu. Mwanangu, nishikie hapa."

"Hapana, Baba."

Ilikuwa sauti ndogo, iliyotetemeka kwa baridi na kwa kitu kingine. Kitinda akainua kichwa. Fundi akageuka na spana mkononi.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana." Kijana alikuwa amesimama mbele ya mlango wa gari lake kana kwamba kuna mtu anataka kuuvunja. "Hawapandi humu tena leo. Samahani, Baba. Hata ukilitengeneza. Hapana."

Maji yaliendelea kutiririka mlimani. Fundi akaitazama ile spana. Kisha akairudisha kisandukuni, taratibu.

"Haya," akasema. Akaifunga boneti. "Haya, mwanangu. Umesema."

Wakasukuma vyuma pembeni kwenye viti vya nyuma, wakaingia, Waya usukanini na fundi kando yake, mjukuu mapajani pake. Waya akawasha pikapu na kushika gia.

"Ngoja," fundi akasema. "Usiondoke."

Akageuka, akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Hii gari. Kuna mtu anasikia chochote? Chochote kile. Msinifiche."

Wakasikiliza. Waya akataka kutania, akaacha.

"Babu," mtoto akasema, "inasema vuu-vuu-tii."

Hakuna aliyecheka. Fundi akamrudishia Kitinda mtoto, akashuka katika ukungu, akafungua boneti. Mpima ardhi naye akashuka, akaja akasimama si nyuma yake bali ubavuni, akainamisha sikio.

"Mimi ile *tii* naisikia upande huu, Baba," akasema. "Siyo huko uliko."

Fundi akahamia upande ule.